Nilionja Kwanza

Binti yangu Aikande anakariri tamthilia.
Ni shule ya wasichana watupu, kwa hiyo yeye ndiye muuaji.
Watacheza Ijumaa bwaloni, mapazia ni mashuka ya bweni.
Kuna mfalme, kuna msaidizi wa mfalme, kuna kiti kimoja.
"Baba, shika kitabu. Wewe uwe mfalme,
anakufa mapema, hana mistari mingi."

Nashika kitabu.
Taa ya sola inafifia. Nje, mvua ya Uru
inagonga migomba kama mdai asiye na haraka.

Mimi pia nilikuwa msaidizi.
Miaka kumi na mmoja, chama cha msingi,
ofisi yenye mizani na kalenda ya mwaka juzi.
Ndekirwa akisaini, mimi nagonga muhuri.
Ndekirwa akishuka mnadani Moshi mjini,
mimi nahesabu magunia.
Mlima wetu una vilele viwili,
na kila mgeni hupiga picha kimoja.

Msiwacheke watu wa pili. Njaa yao haina mlio.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza.
Hata mtoto anajua: unakoroga, unakunywa,
unafuta ukingo wa kata, ndipo unampa mgeni,
aone hujamtilia kitu.
Nilionja kwanza. Mungu ni shahidi, nilimeza.
Mbege ilikuwa imeiva, tamu, ulezi mpya.
Kilichokuwa chini ya ukucha wa kidole gumba
kilingoja zamu yake.

Wakasema presha. Wakasema sukari.
Tukamzika kihambani, nyuma ya kahawa za baba yake.
Nilibeba jeneza upande wa kichwa.
Jumatatu nikakalia kiti.
Kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi.
Kilo mbili kila gunia. Kijiwe chini ya sahani ya mizani.
Baiskeli ikikata breki Uru
haisimami mpaka mjini.

Mwezi wa tatu nilikata jani la sale,
nikalifunga fundo, nikaenda kwa mjane, Ndeanasia.
Kwetu ukiletewa sale hukatai,
hata kama aliyeileta amekuchomea nyumba.
Akaipokea kwa mikono miwili.
"Umekosa nini, shemeji?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Kweli nilikuwa nalo.

Nikasema, "Nilichelewesha rambirambi za chama."
Akacheka huku analia. Akanifungashia ndizi mshare.
Akasema, yamekwisha.

Yamekwisha!
Tangu siku ile sale za uani kwangu zinaota,
nazikata, zinaota, kiangazi haziguswi,
na sina tena pa kuzipeleka.
Nilipewa msamaha mmoja tu
nikaulipia deni lisilokuwepo.

"Baba, unaruka mistari."
Samahani. Tuko wapi?
"Hapa. Nimeshakuua. Mke wangu ananiuliza nimetoka wapi,
namjibu: nilikuwa nafunga mlango."
Anapaza sauti, anatetemesha mikono,
anazungusha macho kama alivyofundishwa na mwalimu Kiwaria.

Si hivyo, mwanangu.
Mkono hautetemeki. Mkono unatulia
mpaka wewe mwenyewe unauogopa.
Mtu huyo anakula vizuri. Anaimba besi kanisani.
Anawafokea wanaochelewa kazini.
Usiku anaamka, anakagua komeo,
anarudi, analala. Analala!
Hilo ndilo hawakuliandika.

"Sasa niseme vipi?"

"Taratibu," namwambia.
"Sema kama unauliza bei ya maharage."

Anajaribu. Anacheka. Anajaribu tena.
Mara ya tatu anapata, anapata kabisa,
sauti bapa, safi, ya mtu wa nyumbani:
*Nilikuwa nafunga mlango.*

Nageuza ukurasa
kwa mkono wa kushoto.