Vigae Thelathini na Sita

Picha ilipigwa Alhamisi, kwenye ngazi za chekechea,
Võru, Januari, saa nne na jua ndiyo kwanza linapiga miayo.
Watoto ishirini na mmoja, kofia ishirini,
maana Maret alishaitupa yake thelujini.
Mkuu akaniambia: Ülle, iweke tovutini kabla ya chakula.
Naweka. Lakini kwanza Uku.

Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto,
pengo la meno mawili,
masikio yamechomoza kama mikono ya sufuria.

Mama yake alikuja Oktoba na mkoba mmoja,
akajaza fomu akiwa amesimama.
Penye jina la baba alichora mstari,
akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.
Penye picha akaandika: uso usionekane. Popote.
Akangoja nisome, ndipo akaketi.

Nafungua kivinjari. Kuna ukurasa wa bure,
hauulizi jina, unaomba picha tu.
Naipakia, nachora kisanduku juu ya uso wake,
nasogeza kitelezi: nane.
Uso unavunjika vipande vidogo vidogo.
Nasema, tayari.
Kisha naegemea kiti, nafinya macho,
na Uku yuleyule, pengo na yote, ananichekea.
Ikiwa mimi wa miezi mitatu namjua,
atashindwaje aliyemfundisha kutembea?

Kumi na sita. Bado masikio.
Ishirini na nne.
Mashine inajumlisha wekundu wote wa shavu,
inaugawa sawa kwa sawa, haibakishi:
kila kigae rangi moja, hakuna mdomo, hakuna kope.
Vigae thelathini na sita,
rangi ya mkate mweusi uliokatwa vibaya.

Lakini sweta! Kulungu wawili weupe kifuani,
bibi wa upande ule ndiye aliyeifuma,
na kule hakuna asiyeijua.
Navunja sweta.
Mkono wake umeshika wa Maret.
Nafika kwenye vidole, nashindwa kujua
mtoto mmoja anaishia wapi, mwingine anaanzia wapi.
Navunja vya wote wawili. Maret anisamehe.

Ilikuwa kazi ya dakika kumi, nikatumia saa nzima.
Waliosema mficha uchi hazai
hawakumwona mama huyu:
amezaa, na anaficha asije akazika.

Nikahifadhi. Ile ya asili nikaichapa nakala moja,
nikaitia katika bahasha isiyo na jina, nikampa mkononi.
Kisha nikaifuta, nikafuta na pipa la taka.

Jumatatu Uku analetwa ofisini, goti limechubuka.
Nabandika plasta. Anaona kioo cha kompyuta.
Anahesabu kwa kidole, anavuka thelathini kwa taabu.
"Huyu ni mimi," anasema,
kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mpya.
"Nimejengwa."
Nasema ndiyo.
Anafikiri. Goti linamuuma, hataki nijue.
"Nikikua, vitakuwa vidogo vidogo?"

Nainama kumfunga kamba za viatu.
Cha kushoto, halafu cha kulia,
halafu cha kushoto tena.