Siku ya Nne, Entebbe

Zmarak hakuja na sanduku. Alikuja na mpira
mwekundu, umechubuka upande mmoja, mshono umefumuka
kama mdomo wa mtu aliyekatizwa neno.

Mimi hutunza daftari la alama uwanjani.
Kiswahili nilikinyonya kambini Jinja, marehemu baba alikuwa askari;
yeye amekiokota bohari la mchele, gunia kwa gunia.
Basi tunaelewana: leta, bado, tena.

Ninyi, aliniambia, mnacheza kriketi kama chai ya kusimama,
ova ishirini, kila mtu huyo kwake.
Khost alicheza mechi za siku nne.
Siku ya kwanza pichi ni bibi harusi, haisemi kitu.
Hata ya tatu, imepasuka visigino,
ndipo mpira unapokubali kupinda.

Wiketi ngapi? nikamdadisi.
Akatoa kipande cha gazeti, kimekunjwa mara nane.
Saba kwa sitini na moja.
Lakini zee ya jina lake imechapwa ree.
"Nukta imeanguka," akasema. "Aliyerusha ni mtu mwingine."
Nilisoma chuoni Bombo, viboko vya nukta navijua.
Sikucheka.

Wiki ile alirusha kila alfajiri kabla ya zamu,
vijiti vitatu, mpigaji hakuna.
Nami kwenye benchi nikiandika, ova kwa ova,
usubi wa ziwani ukiniingia masikioni,
korongo wawili wakitembea mpakani
kama waamuzi ambao hawajalipwa.
Jumanne aliinua mikono, akamdai mwamuzi mtu asiyekuwapo.
Nikampa. Nani angebisha?
Jumatano alirusha ova kumi na tisa
bila kunitazama hata mara moja.

Alhamisi mvua ikaja toka ziwani, imenyooka, haina haya.
Tukajibanza chini ya bati la stoo ya mashine ya nyasi.
Akawa anaufuta mpira kwa pindo la kanzu,
anaufuta, anaufuta.

Sare, nikasema.
"Sare na nani?"

Bati likajibu kwa muda mrefu.
Saa mbili kasoro akavaa aproni ya bohari, akakimbia.
Nikafungua daftari gotini.
Nikaliandika jina lake kwa herufi zao,
na juu ya ree nikaikandamiza kalamu
hata nukta ikatoboa karatasi,
ikatokea upande wa pili, kwenye mechi ya Jumapili.