Picha ya Agosti

Picha ilipigwa Agosti, kutoka juu sana,
ziwa lina mikunjo kama kanga iliyotoka begini.
Ntirampeba anahesabu mikunjo:
inapobanana, chini pamekaribia;
inapoachana, ni shimo.
Shimo lenyewe hajaligusa. Analijua kwa kukokotoa.

Kompyuta ikachora mishale:
mkondo utatoka mdomoni mwa Luiche,
utakwaruza Ujiji, utapinda kwenye mawe,
saa tisa utafika Katonga.

Akachukua dumu la njano, nusu maji,
akaliandika saba kwa rangi ya kucha,
akalitupa.

Saa tisa, Katonga:
wanawake wanageuza dagaa juani,
bata wawili,
dumu hakuna.

Saa kumi na moja shangazi akapiga simu, yuko Ujiji:
“Dumu lako limekwama huku. Nimemwaga maji,
nimetia mawese.”

Akacheka. Kisha akanyamaza.
Masika yale Luiche ulishuka
na udongo wa mashamba ya watu,
ukatandika kitanda kipya
ambacho Agosti haikukiona.

Kesho ataomba picha ya Mei.
Na dumu jingine,
maana lile shangazi harudishi.