Ramani Nyuma ya Risiti

Odile Pelkey, muuza petroli na ndoana,
alinichorea mto nyuma ya risiti:
mstari mmoja wenye kona tatu, daraja la reli,
na alama ya kosa pale kilipokuwa kiwanda cha karatasi.
"Juu ya daraja, trauti. Chini, besi.
Besi ukimpata, usimrudishe majini."
Akanipa chenji bila kuniangalia.

Mimi ni fundi wa lifti, natoka Cleveland.
Miaka kumi na tisa nahangaika na vitu
vinavyoshuka, kisha vikapanda.
Mto huu wa Maine unashuka tu.
Hauna kitufe.

Saa kumi na mbili asubuhi maji yalinipapasa mapaja
kama mlinzi anayempekua mgeni mlangoni.
Mawe yana ukoga. Kila hatua
niliuliza kwa kidole cha mguu: hapa?
Jibu likaja mara kwa upole,
mara kwa goti.

Mto wa kwetu najua kila gogo lilipolala.
Hapa nilikuwa kama mtu aliyeokota
barua ya ukoo wa wengine:
herufi nazisoma, mafumbo yananipita.

Nikatupa. Nzi wangu wa bandia,
manyoya ya shingo ya jogoo, uzi wa kijivu,
ndoana ndogo kama ukucha wa kichanga,
akatua vibaya, mkondo ukamburuta
kama mlevi anayetolewa arusini.
Nikatupa tena. Mti nyuma yangu ukampokea.
Wa pili pia, ukampokea.
Wa tatu nilimfunga nimekaa juu ya jiwe,
natafuna mkate wa mayai, nimenuna,
na hapo, kwa kununa, nikauona mto.

Povu lilipita njia moja tu,
kama waumini watokao ibadani.
Na chini ya mwerezi, ng'ambo, chini ya daraja,
kijito chembamba kiliingia bila kubisha hodi.
Nikatia mkono. Baridi ya kuuma meno.
Odile hakukichora.

Hapo, mahali pa besi, alinijia trauti.
Hakuwa mkubwa. Vijidoa vyekundu,
kila kimoja kwenye pete yake ya buluu.
Nilimshika ndani ya maji hadi akakumbuka kuogelea.

Hatua kumi na moja kutoka hapo, kwenye maji vuguvugu,
kitu kikanyakua, ufito ukapinda hadi mpini ukalia.
Akaruka. Akaruka tena, akitikisa kichwa
kama anayekataa mashtaka.
Besi: jina kama sauti nzito ya kwaya,
mwili wa shaba iliyochakaa, jicho jekundu
lisilopepesa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ukoo wake una miaka arobaini mtoni
na hakuna aliyempa jembe.
Nilimpa jiwe. Mara moja, kichwani,
nimegeuza uso.
Mimi, mwenye siku moja.

Dukani Odile alimpasua juu ya gazeti.
Tumboni: kamba wa mtoni watatu, bawa la kereng'ende.
Mtoto wa trauti, hata mmoja.
Tulitazama wote wawili, muda mrefu
kuliko ilivyohitajika.

"Baba ndiye aliyewaleta," akasema,
akipangusa kisu kwenye aproni.
"Usiku, kwa ndoo mbili za rangi,
mwaka niliozaliwa.
Alitaka samaki anayepigana."

Friji ya vinywaji ikanguruma, ikanyamaza.
Sikupata la kusema. Nikaitoa risiti,
imelowa, wino umevuja kwenye kona ya pili,
nikaweka kidole chini kidogo ya daraja.
"Hapa kuna kijito. Umekisahau."

Akamfunga samaki, akamsukuma kwangu.
"Sikukisahau," akasema.