Vali ya Kati

Tulipogawana vitu, Tarmo alichukua mtungi mmoja,
nami nikachukua mmoja.
Hakimu hakujua kwamba ni pacha,
fomu haikuwa na safu ya kuandika hivyo:
chuma kilekile, lita kumi na mbili,
mhuri wa mwaka mmoja umepigwa shingoni,
namba zinafuatana
kama watoto wa chekechea kwenye foleni ya uji.

Miaka minne wangu ulisimama mlangoni.
Nikauvika kofia ya sufu.

Leo ni Januari, baridi imeshuka
hadi kumi na tisa chini ya sifuri,
nami nimerudi kwenye gereji yake nimeupakata
kama mtu aliyepeleka mtoto kliniki.
Kule kwenye mgodi wa chokaa uliojaa maji
kamba ya mwongozo imekatika,
kina cha mita thelathini na nane, gizani tupu,
na kwa kazi ile mtungi mmoja
ni nauli ya kwenda tu.

"Umevua viatu?" ananiuliza.
Nimeshainama kufungua kamba za vyangu
ndipo ninapokumbuka: anauliza kuhusu mtungi,
kile kiatu cha mpira cha chini.

Tunaisimamisha sakafuni, pale palipo sawa,
kando ya doa la oili la gari tuliloliuza.
Bendi mbili za chuma cha pua, legevu kwanza.
Ukikaza mapema umejifunga mwenyewe,
chuma hakibembelezwi.
Anapima kwa futi kutoka boliti hadi boliti,
sentimita ishirini na nane kamili,
maana bamba la mgongoni
halijui neno "karibu".

Kisha bomba la kuunganisha.
Upande mmoja lina hesi ya kulia,
upande wa pili hesi ya kushoto.
Ukilizungusha, vichwa vyote viwili husogeleana,
hakuna anayemfuata mwenzake.
Nilikuwa nimelisahau hilo.

Napaka ringi za mpira silikoni, kidogo tu, kama wanja.
Yeye anazungusha kwa vidole, hana haja ya spana,
na kunong'ona kama zamani: "Usilazimishe."
Zamani nilidhani ananiambia mimi.

Hewa inaingia polepole, kompresa inakohoa.
Brashi, maji ya sabuni.
Kiungo cha kushoto: povu moja.
Likakaa. Likakua. Likapasuka.
Lingine.

Tukafunga, tukatoa hewa yote, tukafungua tena.
Kwenye mfereji wa ringi umejikunja unywele,
mfupi, mwekundu kama kutu.
"Nappi!" tukasema kwa pamoja.
Mbwa aliniangukia mimi kwenye mgawo;
amekuja na sweta langu bila kualikwa.
Tarmo akacheka hadi akakaa juu ya ndoo.
"Na mguu wake?"
"Bado anachechemea. Kukiwa na mgeni, zaidi."

Mara ya pili sabuni ikakauka tu,
haikuwa na la kusema.

"Hii ya katikati," anasema, kidole juu ya kitasa,
"iache wazi siku zote, inywe kifua kimoja.
Lakini mkono wako uijue gizani, ndani ya glavu.
Upande mmoja ukianza kupoteza, funga.
Utabaki na nusu.
Nusu inatosha kurudi."

Anazungumzia hewa.
Tarmo huzungumzia hewa tu.

Nikatoa pochi. Akatazama pembeni,
akasema mihuri inaisha mwezi wa tano,
niirudishe yote miwili kwa ukaguzi,
isitenganishwe njiani.
Akainyanyua, kilo thelathini na sita,
akailaza kiti cha nyuma
na kuifunga mkanda.

Kofia niliikuta nyumbani, sakafuni,
mahali mtungi ulipokuwa.
Nappi alikuwa ameilalia.