Herufi za Kinyume

Mimi huchonga mihuri Kadutu, kibandani,
paa linavuja upande wa kushoto.
Miaka kumi na tisa naandika kinyume
juu ya mpira, kwa wembe na pumzi:
MKUU WA MTAA. FORODHA. IMELIPWA.
Jicho limezoea hivyo,
hata maandishi yaliyonyooka siku hizi hunichosha.

Mwaka huu nimechonga majina matatu kwa kiti kimoja.
Wa kwanza aliondoka usiku, muhuri wake ninao bado.
Wa pili alichukua, hakulipa.
Wa tatu ametuma kijana mwenye bunduki na adabu nyingi:
"Baba, shefu anaomba uwe mkubwa kidogo
kuliko ule wa mwenzake."
Nikapima, nikaongeza milimita mbili.
Ndiyo siasa pekee niliyowahi kufanya.

Jana, mvua. Mama Nsimire akanifungia sambaza wa moto
kwenye ukurasa wa kitabu.
Murhula wa Nyawera sasa anauza vitabu kwa kilo;
hadithi hazina mnunuzi, anasema,
ila midomo bado inatafuna.

Ukurasa wa 117.
Mji fulani, haukutajwa jina.
Karani ameagizwa asimamishe saa ya mnara
mpaka mtawala mpya aamue ni saa ngapi.
Watu wamesimama uwanjani, mikate inaungua tanurini,
hakuna anayethubutu kusema imeiva.

Nilicheka.
Halafu redio ya jirani ikatangaza
kwamba kila karatasi iliyogongwa kabla ya Jumatatu
irudi kugongwa upya,
na sambaza akanikwama kooni.

Mafuta yalikuwa yakipenya.
Karatasi ikawa kama ngozi ya kichanga,
mishipa yote nje,
na 118 ikajitokeza nyuma ya 117,
herufi zimenipa mgongo.
Mwingine angeona uchafu.
Mimi nilisoma; hiyo ni lugha yangu ya kazi.

Karani hapandi mnara.
Anakaa ngazini, anatoa funguo,
anazihesabu moja moja,
anainua uso, anamwambia askari

hapo mkia wa samaki ulikuwa umetoboa.

Asubuhi nimeshuka mbio hadi Nyawera.
Murhula akakung'uta gunia: vumbi, mende mmoja.
Kitabu kimeshaliwa, ndugu.
Kurasa nyingine zimefunga karanga huko Panzi,
nyingine sabuni Essence.
Labda kuna mtu amewashia makaa
lile neno la karani, akapikia bugali,
watoto wakashiba.

Wanasema kitabu ni kioo. Haya.
Lakini kioo nakijua, ni mshahara wangu:
anayeapa kwa mkono wa kuume
ndani yake anaapa kwa kushoto.
Neno halisimami wima lenyewe.
Linataka wino, meza,
na mtu wa kuliegemea kwa uzito wake wote.

Kesho kijana mwenye adabu anarudi.
Muhuri umebaki herufi moja.
Umeme umekatika, nimewasha simu,
wembe uko mkononi,
na tangu magharibi nimekaa hapa mlangoni
nahesabu funguo
ambazo sina.