Kidogo

Nilichagua wiki ya mbalamwezi,
taa za dagaa hazitoki ziwani,
hakuna wa kuuliza Mbuke yuko wapi.
Chanja zilikuwa tupu; nikaenda kuchanjwa.
Nikapanda kwa miguu hadi zahanati, kule Kitangiri,
kiatu kimoja kikinibana.

Nesi alikuwa na mikono ya baridi.
Akasema: utasikia maumivu kidogo,
homa kidogo,
uchovu kidogo.
Mara tatu, kama mtu anayepima.

Mimi kidogo nakijua.
Pale Mwaloni nauza kwa sado,
na mteja akisema niongeze kidogo
najua ni viganja viwili,
au kimoja, kama mwezi jana alikopa akanizungusha.
Kidogo kina kilima chake juu ya ndoo.
Sikumwuliza nesi: chako kina ujazo gani?

Jioni mkono ukaanza kuwa wa mtu mwingine.
Saa nne ulikuwa gunia lililolowa
ambalo mtu kalisahau begani kwangu.
Saa saba meno yakagongana.
Blanketi, kitenge, kitenge cha pili;
mwisho nikamwambia Sayi alete turubai,
lile la kufunikia dagaa mvua ikinyesha.
Nikalala ndani ya harufu ya kazi
siku ambayo sikufanya kazi.
Nje mwezi umejaa,
mawe ya kilimani kama ng'ombe waliolala,
na mimi nayaona yanapumua.

Asubuhi nimelowa, nina njaa.
Nikala matobolwa bakuli zima na chai ya rangi.
Imepita,
kama mgeni wa usiku asiyeacha jina.

Sasa kila mtu ana yake.
Mama mkwe, sabini na moja,
sanduku lilelile, siku ileile,
alitoka pale akaenda kupalilia mihogo.
"Ninyi mmekuzwa na chipsi," ananiambia.
Malimi, muuza vocha, anaapa
kuna mtu balbu iliwaka begani mwake.
Mtu huyo yuko Geita. Jina halijui.

Halafu kuna Lushinge wa mkokoteni.
Yeye wiki ya tatu mkono haufiki kichwani.
Ukimsikia anavyovaa shati, utageuka uangalie ziwa.
Wa upande huu wakamwambia: si tulisema!
Wa upande ule wakamwambia: nyamaza, utawatisha watu.
Walimgombania kama kichwa cha sangara,
na hakuna aliyemwambia:
hebu nionyeshe panapouma.

Nikampeleka mimi.
Nesi yuleyule, mikono ileile.
Safari hii hakusema kidogo.
Akatoa daftari, kalamu ikagoma,
akaipumulia, akaandika:
jina, tarehe, bega la kushoto, hainui.
Unabeba nini?
Magunia.
Ya nini?
Dagaa.
Hata hilo akaliandika.
Akasema, sijui kama ni sindano au ni mkokoteni,
lakini kutojua kwangu hakufuti maumivu yako.
Akampa barua ya hospitali ya mkoa.

Tukashuka bila maneno mengi.
Bega lilikuwa lilelile.
Lakini Lushinge alitembea kama aliyetua kitu,
na pale kwa muuza miwa akanunua vipande viwili,
kimoja akanipa,
kwa mkono wa kulia.

Giza limerudi. Usiku taa zimejaa ziwani,
tunaanika, tunageuza, tunafukuza kunguru.
Kadi yangu ina mstari mmoja mtupu,
tarehe kwa penseli.
Nimehesabu: itaangukia mbalamwezi tena.
Nitakwenda.
Nitamwambia nesi, andika na mimi:
kwa Mbuke, kidogo ni usiku mzima na turubai moja.

Turubai nimeshalifua.